Neno !gi:xa: Habari za Waleta Mvua wa Nchi Kavu ya Kusini

Katika kurasa za namna hii yamekwisha andikwa mengi juu ya uganga na uchawi wa makabila yetu, na kila mara swali moja hurudi: je, neno la Kiswahili tulitumialo lalingana na jambo lenyewe, au ni vazi letu tulilomvika mgeni ili afanane nasi? Safari hii tumeona vema kulitazama swali hilo kwa mbali kidogo, kwa watu wasio jirani zetu wala si wa lugha za Kibantu. Hao ni watu wa /Xam, waliokuwa wakikaa katika nchi kavu ya kaskazini ya Rasi, Afrika ya Kusini. Imani zao juu ya mvua, na juu ya wale waliosemekana kuwa na uwezo juu ya mvua, ziliandikwa kwa maneno yao wenyewe kabla lugha yao haijanyamaza. Tena mmoja wa walioziandika si mgeni kwetu, kwa kuwa ndiye aliyeziita lugha za ukoo wetu kwa jina la Bantu, jina zilizo nalo mpaka leo.

Kwanza yatupasa kueleza alama, maana bila alama hizo msomaji atadhani mpiga chapa amekosea. Lugha ya /Xam ina vidoko, yaani sauti zifanywazo kwa kubandua ulimi kinywani kwa nguvu. Alama ya / ni kidoko cha ncha ya ulimi nyuma ya meno; // ni kidoko cha ubavu wa ulimi, kama mtu amhimizaye punda; ! ni ulimi kubanduliwa katika kaakaa kwa mlio kama wa kizibo kitolewacho chupani. Nukta mbili baada ya vokali zaonyesha kwamba vokali ile huvutwa, na x husomwa kama kh ya maneno ya Kiarabu. Atakayejizoeza kwa dakika chache ataweza kulisema neno !gi:xa vya kutosha.

Wilhelm Bleek alizaliwa Berlin mwaka 1827. Alisoma lugha, akapata shahada ya udaktari huko Bonn mwaka 1851, na mwaka 1855 akafika Natal pamoja na Askofu Colenso ili atunge sarufi ya Kizulu. Mwaka uliofuata akaenda Cape Town, na huko akawekwa kuitunza maktaba ya Gavana, Sir George Grey. Katika kitabu chake kikubwa cha kulinganisha sarufi, kilichotoka kwa sehemu mbili, 1862 na 1869, alionyesha jinsi viambishi vya ngeli vinavyofanana toka lugha hata lugha. Naye akichukua ba- ya wingi na -ntu akapata lile jina la Bantu, ambalo kwetu ni watu tu.

Lakini moyo wake ulikuwa ukizielekea lugha za vidoko, naye alikosa mtu wa kumfundisha. Mwaka 1870 alisikia kwamba katika kifungo cha bandarini Cape Town, walikokuwa wakijenga ukuta wa kuzuia mawimbi, kulikuwa na wafungwa 28 wa /Xam. Alimwomba Gavana, akapewa ruhusa kukaa nao wachache nyumbani kwake Mowbray. Wa kwanza, kijana aitwaye /A!kunta, aliingia mwaka ule ule. Na mnamo Februari 1871 akaja mtu mzima, //Kabbo, ambaye jina lake maana yake ni ndoto. Kwa hiyo mtaalamu huyu aliyezivuka bahari hakufika katika nchi kavu yenyewe kuisoma. Nchi ile ndiyo iliyoletwa mlangoni pake, tena kwa minyororo. Aliyesafiri ni //Kabbo, naye alieleza mwenyewe jinsi alivyokamatwa, akafungwa, akachukuliwa kwa gari la ng'ombe mpaka kwa hakimu na kutoka hapo mpaka mjini.

Kosa lake lilikuwa wizi wa mifugo. Tusilipite neno hili upesi. Wafugaji wa Kizungu walikuwa wamezitwaa chemchemi, na kondoo wao wakala majani yaliyolisha swala. Mwindaji aliyekosa maji na nyama alichukua kondoo, kisha akafuatwa na watu wenye bunduki. Mwaka 1863 Louis Anthing, aliyekuwa hakimu katika sehemu zile, aliandika taarifa kwa serikali ya Rasi akieleza mauaji waliyofanyiwa watu hawa. Maneno ya mvua tutakayoyasimulia yalitoka vinywani mwa watu walionyang'anywa maji yao, na kuyasoma bila kujua hilo ni kuyasoma nusu.

Mwenzake Bleek katika kazi hii alikuwa shemeji yake, Lucy Lloyd, naye kwa sikio alimshinda. Waliandika hivi: lugha ya /Xam upande mmoja, tafsiri ya Kiingereza upande wa pili, na ukurasa wa mkabala wakauacha mweupe ili siku nyingine waongeze maelezo. Hawakuandika habari ya kwamba “watu hawa huamini kadha wa kadha”. Waliandika asemavyo msemaji, akirudiarudia, akizunguka, akiacha jambo na kulirudia kesho yake. Daftari hizo zimefika kurasa kama 12,000. Mwalimu aliyewahi kuketi na mzee mmoja jioni moja na kuandika kurasa tatu atajua hesabu hiyo ina jasho gani.

Sasa tuje kwenye mvua yenyewe. Nchi ya //Kabbo ni nyika ya mawe na vichaka vifupi, ambako mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 200, na mwaka mwingine haiji kabisa. Katika lugha yao neno moja, !khwa, ni mvua na tena ni maji. Kuna mvua dume na mvua jike. Mvua dume huja kwa ngurumo na ghadhabu, hupasua ardhi na kuvunja vibanda. Mvua jike hunyesha polepole, hulowesha udongo mpaka ndani. Ukiona kwa mbali mvua ikishuka kama nguzo kutoka winguni, hiyo ni miguu yake, nayo yatembea juu ya nchi. Ukungu ni pumzi yake.

Basi mvua hiyo ni mnyama. Dia!kwain, msimulizi mwingine aliyefika Mowbray mwishoni mwa mwaka 1873, alieleza jinsi waleta mvua walivyokwenda penye shimo la maji anamokaa fahali wa mvua, wakamtupia ukanda wa ngozi katika pembe, wakamvuta kutoka majini. Walikuwa na majani makavu yenye harufu nzuri, yaitwayo buchu, ya kumtuliza asikasirike akakata ukanda. Walimwongoza juu ya nchi kavu mpaka pale walipotaka mvua inyeshe, wakamchinja, wakamkatakata. Na damu yake na nyama yake ndiyo mvua. Wengine walisema ni jike, na maziwa yake ndiyo mvua.

Mambo haya yalithibitishwa kwa njia ya ajabu. Mwishoni mwa mwaka 1873 mtumishi wa serikali, Joseph Orpen, alisafiri katika milima ya Maloti, Lesotho, akiongozwa na kijana wa kisani aitwaye Qing. Huko alinakili picha zilizochorwa mapangoni, na Qing akamweleza maana yake kwa kadiri alivyojua. Nakala zilipofika Cape Town, Bleek alimwonyesha Dia!kwain, bila shaka kwa hamu kubwa. Picha moja ilikuwa ya mnyama mnene asiyefanana na mnyama yeyote, na watu wakimvuta kwa kamba. Dia!kwain, ambaye kwao ni mbali sana na Maloti, alimtambua mara moja: huyu ni mnyama wa mvua, na watu hawa wanamwongoza, na vile walivyoshika ni makasha ya dawa. Orpen aliyachapisha maelezo ya Qing mwaka 1874, na maneno ya Bleek yakawekwa pamoja nayo. Mpaka wakati ule wageni wengi walidhani michoro ya mapangoni ni mchezo wa watu wasio na kazi. Miaka mia baadaye David Lewis-Williams alizirudia daftari za Mowbray, na katika kitabu alichotoa mwaka 1981 akaonyesha jinsi zinavyoweza kuifungua michoro hiyo.

Hapa mfasiri wa Kiswahili akwama mara moja. Je, aandike “mvua inakuja” au “mvua anakuja”? Sarufi yetu yamlazimisha kuchagua, kwa maana ngeli ya vitu ni nyingine na upatanisho wa viumbe hai ni mwingine. Msimulizi wa /Xam hakulazimishwa. !Khwa aliye fahali penye shimo na !khwa anyweshaye mimea ni mmoja. Sisi twapendelea kuandika “mvua” kwa upatanisho wa mnyama kila mahali anapotembea, kukasirika au kusikia harufu, na kwa upatanisho wa kitu mahali pengine. Lakini twakiri kwamba kwa kufanya hivyo twapasua kitu ambacho wenyewe hawakukipasua.

Bleek mwenyewe alishikwa na swali lililo karibu na hili, na jibu lake latupendeza kulitaja kwa kuwa latuhusu. Alidhani kwamba lugha zinazogawa nomino kwa uke na uume, kama Kinama, huwafanya watu wavitazame vitu kama watu, na kwa hiyo huzaa hadithi za wanyama wasemao. Bali lugha za ngeli, kama zetu, haziwezi kuzaa hadithi hizo kwa urahisi. Mtoto yeyote wa darasa la kwanza katika shule zetu angeweza kumjibu kwa kisa kimoja cha Sungura na Fisi. Na watu wa /Xam, ambao lugha yao haina mgawo wa uke na uume kama wa Kinama, wakamjazia daftari kwa hadithi za vunjajungu, simba, mwezi na nyota. Haikumzuia kuziandika zote, na kwa jambo hilo twamheshimu: nadharia yake ilianguka kwa ushahidi alioukusanya mwenyewe.

Turudi kwa wale waliomvuta fahali. Aliyeweza kazi hiyo aliitwa !gi:xa, na wengi wao !gi:ten. Neno hili laweza kukatwa. !Gi ni ule uwezo usioonekana, na -xa ni kujaa kitu, basi!gi:xa ni mtu aliyejaa uwezo. Neno halisemi kama uwezo huo ni wa kheri au wa shari. !Gi:xa wa mvua alileta mvua. !Gi:xa wa mawindo aliwavuta swala waje karibu na wawindaji, Dia!kwain alisimulia habari za mwanamke wa namna hii, Tãnõ-!khauken, aliyesemekana kuwa na swala wake aliyemtii, ambaye akimfungua huwaongoza swala wengine. !Gi:xa mwingine alitibu: alimwinamia mgonjwa, akavuta pumzi kwa mkoromo, akautoa ugonjwa mwilini kwa pua yake, kisha akaupiga chafya, damu ikamtoka puani, naye mwenyewe akatetemeka, hata wenzake wakamshika na kumpaka mafuta ili asigeuke simba. Na kulikuwa na !gi:xa aliyewapiga watu kwa mishale isiyoonekana, wakaugua.

Bleek na Lloyd walitafsiri neno hili kwa neno la Kiingereza ambalo kwa kawaida husomwa kwa ubaya, kama mchawi. Baadaye wataalamu, Lewis-Williams akiwa mbele, wamependa kusema shamani, neno lililotoka kwa watu wa Siberia. Wengine wamelipinga kwa sababu laleta Siberia yote pamoja nalo. Sisi tungesemaje? Tukisema mganga, Kiswahili chetu kimekwisha mtenga mganga na mchawi kama mchana na usiku: mganga hujulikana mtaani, huitwa, hulipwa, hana haja ya kujificha, mchawi hakubali kamwe kwamba yeye ni mchawi. !Gi:xa aliyeponya na !gi:xa aliyedhuru waliitwa jina moja mbele ya wote. Tukisema mleta mvua, tumepata kazi moja na kuziacha tatu. Fundi ni neno zuri, lakini fundi hujifunza kazi ya mikono, na uwezo huu haukuwa wa mikono. Mwenye nguvu laelekea kwenye misuli au kwenye utawala. Twaona ni afadhali kuliacha neno lenyewe mahali pake, !gi:xa, na kulieleza mara ya kwanza litajwapo. Msomaji huvumilia neno geni kuliko tunavyodhani. Neno asiloweza kulivumilia ni lile linalomwambia uongo kwa sauti aijuayo.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Katika nchi zetu wenyewe twajua lililowapata wazee, hasa wanawake, walioandikwa au kuitwa wachawi. Neno likiisha kuwekwa kwenye karatasi huwa shahidi asiyehojiwa, na anayelisoma baada ya miaka hamsini hana tena mzee wa kumwuliza.

Kisa kimoja chaonyesha jinsi uwezo wa !gi:xa ulivyokutana na bunduki. Baba yake Dia!kwain, Xaa-ttin, alikuwa na rafiki aitwaye !Nuin-/kuiten, mleta mvua. Huyu, kwa simulizi yao, alitembea usiku kwa umbo la simba. Usiku mmoja aliua ng'ombe wa Kaburu. Makaburu wakamfuata, wakampiga risasi. Aliweza kufika nyumbani akiwa na jeraha, na kabla hajafa alimfundisha rafiki yake nyimbo zake. Xaa-ttin alimwombolezea kwa wimbo ambao leo wajulikana kwa jina la Uzi Uliokatika, akieleza kwamba nchi haikuwa tena kama ilivyokuwa kwake, kwa sababu ya wale waliomkatia uzi. Msomaji atachagua jinsi ya kulitazama jambo la simba. Ng'ombe, bunduki na kilio havihitaji tafsiri.

Bleek alikufa Agosti 1875, akiwa na umri wa miaka 48. //Kabbo, aliyekuwa amerudi kwao Oktoba 1873 akitamani kuketi tena kusikiliza habari za watu wake, alikufa mwaka 1876. Lloyd ameandika kwamba mzee yule alifurahi sana kufikiri kuwa hadithi zao zitajulikana kwa njia ya vitabu. Aliendelea na kazi peke yake, akiwekwa maktabani badala ya Bleek kwa nusu ya mshahara, kisha akaachishwa mwaka 1880. Kitabu chao hakikutoka ila mwaka 1911. Miaka miwili baadaye chuo kikuu cha Rasi kilimpa shahada ya heshima, naye akafa mwaka 1914.

Binti yake Bleek, Dorothea, aliyezaliwa 1873 katika nyumba ile ile, ndiye aliyesafiri kweli. Mwaka 1910 na 1911 alikwenda Prieska na Kenhardt kuwatafuta watu wa /Xam. Alikuta wazee wachache wakijua lugha, lakini hadithi hakuna aliyeweza kumsimulia. Watu walikuwa wamekwisha tawanyika katika mashamba wakiwatumikia wengine. Baadaye alifika Kalahari na Angola, na mwaka 1930 akaja Tanganyika kwa Wahadza wa ziwa Eyasi, ambao majirani waliwaita Watindiga, akaandika habari zao mwaka 1931. Vidoko vyao vilimvuta, kama vya Wasandawe vinavyowavuta wengine. Ijapokuwa wataalamu wengi leo hukiona Kihadza kuwa lugha isiyo na ndugu. Lakini Wahadza wangali wakikisema, na watoto wao wakijifunza kwa mama zao.

Kutoka 1931 hata 1936 Dorothea alichapisha katika gazeti la elimu la Afrika ya Kusini maneno ya daftari za baba yake na Lloyd juu ya mvua, waleta mvua na !gi:ten, lugha ya /Xam na tafsiri pamoja. Kamusi yake ya lugha za vidoko ilitoka mwaka 1956, miaka minane baada ya kufa kwake. Wakati huo lugha ya /Xam ilikuwa imekwisha kunyamaza. Mwaka 2000 Afrika ya Kusini ilipochagua nembo mpya ya taifa, wito ulioandikwa chini yake uliwekwa katika lugha hiyo, na atakaye kuutamka hana budi kuzifuata alama za vidoko zilizoandikwa Mowbray kutoka kinywani mwa wafungwa.